Pumzi Tuliyoihesabu

Alhamisi ile nilikwenda zahanati ya Atlabara, hapa Juba, kutafuta muhuri, sikwenda kutafuta ugonjwa. Naomba hilo lieleweke mapema, kwa sababu watu wa mtaa wetu wa Gurei baadaye walisema eti nilijua siku zote. Sikujua. Binti yangu Peace, wa miaka tisa kasoro, alikuwa aanze shule ya bweni Uganda mwezi wa pili, na shule ilikuwa imetuma fomu ya afya yenye mahali pa daktari kugonga muhuri. Nilimwachia jirani yangu Teresina kibanda changu cha chapati sokoni Gurei, nikamwambia nitarudi kabla ya watu wa chai ya saa nne. Mtoto mzima, muhuri mmoja, nikae huko kutwa nafanya nini?

Tabibu wa pale aliitwa Lagu, kijana mrefu aliyesomea Nairobi, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Alimsikiliza Peace mgongoni kwa muda mrefu mno. Akahamisha kile chombo chake, akasikiliza tena, upande wa kulia chini, mara tatu.

"Mama, huyu mtoto ameshawahi kuugua kifua?"

"Ile ilikuwa zamani," nikamwambia. "Sasa yeye iko sawa kabisa."

"Nimepona," Peace akasema. Alilisema upesi, kama mtoto anayejibu jina lake darasani.

Lagu hakubisha. Alimbana kidoleni na kidude kidogo chenye taa nyekundu, kinachosoma hewa iliyomo kwenye damu. Kikaandika tisini na tano. Kisha akamwambia atembee barazani, toka mlangoni hadi kwenye tangi la maji na kurudi, kwa dakika sita, asikimbie. Mimi nikaketi kwenye benchi, nimenuna, nikiwaza chapati zangu.

Dakika ya tatu Peace aliinama kufunga kiatu. Dakika ya nne akainama tena, akafunga cha pili. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo njiani kila siku, miaka miwili na zaidi, na kila mara nilimgombeza kwa kutuchelewesha.

"Mama," Lagu akasema polepole, "amevaa ndala. Anafunga nini?"

Nikatazama miguu ya mwanangu. Zilikuwa ndala za bluu, nilizinunua mwenyewe. Ndala haina cha kufunga. Nilihisi baridi ikinishuka toka kisogoni hadi kiunoni, na jua la Juba lilivyokuwa linawaka siku ile, baridi haikuwa na kazi pale.

Alipomaliza, kidude kile kikasoma themanini na nne. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu, na bado alikuwa anatabasamu. Hicho ndicho kilichonitisha. Mtoto anakosa hewa, na anatabasamu kwa adabu.

Nirudi nyuma kidogo. Mwaka wa uhuru wa Sudan Kusini, 2011, Peace alipata surua, na surua ikamwachia nimonia. Tulilala hospitali wiki tatu, yeye na mpira wa oksijeni puani, mimi sakafuni chini ya kitanda chake. Baba yake, Mugisha, alikuwa barabarani na lori lake la matoke, kama siku zote, anapiga simu kutoka kila kituo cha njiani. Mtoto akatoka mzima siku chache kabla ya bendera kupandishwa. Daktari akanipa karatasi: arudi baada ya mwezi mmoja, arudi baada ya miezi mitatu. Akaniambia mapafu ya mtoto yakiumizwa yanaweza kujijenga tena, kwa sababu bado yanakua, ila yataka kuangaliwa.

Jumapili iliyofuata, siku moja baada ya uhuru, nilisimama kanisani kwetu, kanisa dogo la mabati ambalo nusu ya waumini ni Waganda kama mimi na nusu ni watu wa hapa waliorudi kutoka Uganda. Nikashika maikrofoni. Nikasema, "Nchi imepata uhuru jana, na mapafu ya mtoto wangu pia." Watu walilia. Wengine walicheza mpaka viti vikaanguka.

Sasa, kwetu ushuhuda ni kitu kizito. Ukishasema mbele ya watu kwamba umeponywa, hurudi hospitali kwa ugonjwa uleule. Kurudi ni kumrudishia Mungu zawadi yake mkononi. Hata kukohoa hukohoi ovyo. Basi ile karatasi ya daktari niliikunja nikaiweka ndani ya Biblia, na sikuifungua tena. Hakuna mtu aliyenishika mkono kunizuia. Kiburi kilikuwa changu mwenyewe.

Na kila Jumapili ya tatu ya mwezi, siku ya shuhuda, Pasta Conrad alimwita Peace mbele aimbe haleluya ya mwisho ya kwaya, aivute kwa pumzi moja, na kanisa zima lihesabu kwa sauti atafika ngapi. Alianza na sita. Mwaka uliofuata alifika kumi na mbili. Mwezi wa kumi na moja mwaka 2013 tulihesabu hadi ishirini na moja, na wageni kutoka mtaa wa Munuki walikuja kumtazama. Mimi nilikuwa nakaa mstari wa kwanza na kitambaa kipya kichwani. Nilikuwa najidai, nisiseme uongo.

Hayo ndiyo niliyomweleza Lagu pale benchini, kwa sauti iliyokuwa inapungua.

Hakunifokea. Afadhali angefoka. Alimlaza Peace kifudifudi kwenye kitanda, mto chini ya tumbo, kichwa kikiwa chini kuliko kiuno, akakunja kiganja kama kikombe na kuanza kumpiga mgongoni, pa, pa, pa, upande ule wa kulia. Akamwambia apumue nje kwa nguvu, kama anayetaka kutia ukungu kwenye kioo. Akamwekea bakuli.

Peace alikohoa. Wallahi, sikuwahi kumsikia mtoto wangu akikohoa hivyo. Makohozi yalitoka ya kijani, mazito, yakaendelea kutoka, mpaka yakafunika kitako chote cha bakuli. Nilisimama nikashika ukuta. Kitu kile kilikuwa kinaishi ndani ya mwanangu wakati sisi tunahesabu.

"Nimonia iliisha," Lagu akasema, "lakini iliacha makovu. Vijia vingine vya hewa vimepanuka, uchafu unakaa humo, na kila ukikaa unaharibu zaidi. Angerudi ule mwezi wa kwanza, tungeushika mapema."

"Na sasa? Kalas?" Neno la Kiarabu cha Juba lilinitoka lenyewe. Nilikuwa namuuliza kama mambo yameisha.

"Hapana. Bado anakua, mama. Mapafu yake pia. Utampiga mgongo hivi asubuhi na jioni, atameza dawa, atakaa mbali na moshi. Asikimbizwe. Jumatatu mlete, nimwandikie barua ya kupigwa picha." Akaanza kuandika dawa. "Mnapikia nini nyumbani?"

"Makaa."

"Na nani anawasha?"

Kila alfajiri Peace ndiye aliyewasha jiko langu la chapati. Hakuwa analipuliza, alikuwa analipepea na mfuniko wa sufuria, na mimi nilimcheka mbele ya wateja, eti mtoto mdogo ana uvivu wa bibi kizee. Nilicheka. Hilo litanifuata mpaka kaburini.

"Kitu kingine," Lagu akasema tukiwa mlangoni. "Usimuulize tena kama amepona. Muulize anaweza nini." Fomu yangu akanirudishia bila muhuri.

Mchana ule nilimkalisha Peace kitandani nikafunga mlango. Mimi ni mtu wa hasira, na hasira ikikosa pa kwenda humwendea aliye karibu. Nikamuuliza ishirini na moja aliipataje, na kifua kile.

Alikaa akichezea ncha ya shuka. Kisha akasema ilikuwa Adhel. Adhel ni msichana wa kwaya, mkubwa kidogo, anayesimama nyuma yake. Peace akifika tano, anainamisha kichwa kama anayeomba, Adhel anaipokea sauti palepale ilipo. Peace anavuta hewa kidogokidogo kwa pua, anaipokea tena, Adhel ananyamaza. Walifanyia mazoezi nyuma ya choo cha kanisa. Sauti zao zinafanana. Watu mia mbili tulikuwa tunahesabu pumzi za watoto wawili.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe ulisema mbele ya watu," akanijibu. "Ulisema nikikohoa ni shetani anataka kuingia tena. Nikaogopa ataingia kwa sababu yangu."

Hakulia alipoyasema. Mimi ndiye niliyelia, nikamkumbatia, nikamwambia Jumapili nitasimama na kuufuta ushuhuda ule mbele ya kanisa zima. Nilimwahidi. Alinitazama kama mtu anayepewa pesa asiyoijua, anaigeuza kwanza.

Teresina alipopata habari jioni alitikisa kichwa. "Mficha maradhi, kilio kitamuumbua," akasema, kisha akaniomba radhi kwa kulisema, "Malesh, dada." Nilimwambia asiombe radhi, maana amesema kweli.

Jumapili asubuhi, tarehe kumi na tano, nilimkuta Pasta Conrad mlangoni mwa kanisa, mtu mnene mwenye sauti laini. Nilimwambia ninachotaka kufanya. Hajawahi mtu kufuta ushuhuda kwetu. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mama Peace, si leo. Maneno ya mjini si mazuri, wakubwa nagombana, watu iko na hofu. Hii mtoto ndio imani yao. Wewe nataka kuvunja leo? Ngoja Jumapili ingine."

Nilitazama ndani. Viti vilikuwa vimejaa. Mstari wangu wa kwanza ulikuwa unanisubiri, na wanawake walikuwa wamegeuka wakinitabasamia. Nikaona aibu. Si kwa ajili ya imani yao, usinidhanie mema. Niliona aibu yangu mimi. Nikasema haya, Jumapili nyingine.

Peace akaitwa mbele. Alinitafuta kwa macho. Nilimwona akisubiri nisimame, na nikainama nikajifanya natafuta kitu ndani ya mkoba. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshafungua kinywa. Tulihesabu hadi kumi na tisa. Na mimi nilihesabu.

Usiku ule bunduki zikaanza kulia, na hiyo Jumapili nyingine haikuja.

Sitasimulia siku mbili tulizolala chini ya kitanda, kila mtu wa Juba ana zake. Jumatatu Lagu alitusubiri au hakutusubiri, sijui. Dawa alizotupa za siku nne zilikuwa zinakwisha. Nilimpiga mgongo mtoto kwa kiganja asubuhi na jioni, polepole ili sauti isitoke nje. Jumanne asubuhi milio ikapungua, na kama watu thelathini wa kanisa letu, Pasta Conrad akiwemo, tulikusanyika tuelekee kambi ya Umoja wa Mataifa, upande wa mlimani. Teresina alibeba godoro. Mimi nilibeba maji na Biblia, sijui kwa nini si unga.

Tulitembea vizuri mpaka tulipofika kiwanja kipana kisicho na nyumba. Huko nyuma milio ikaanza upya, karibu. Mtu wa mbele akapunga mkono: tuvuke mbio, wote kwa pamoja, hadi kwenye mtaro wa upande wa pili.

Nilimshika Peace mabega. "Unaweza?" nikamuuliza. Niliuliza kama Lagu alivyonifundisha.

"Naweza, Mama. Nimepona."

Na mimi, kwa sababu nilitaka iwe kweli, na kwa sababu bunduki zilikuwa zinalia, nikamwamini. Tukakimbia.

Alikimbia mbele yangu. Hilo ndilo sitalisahau. Mtoto yule alikimbia mbele yangu ili nisione uso wake. Alifika mtaroni, akateremka mwenyewe, akasimama wima akitabasamu, kisha akaanguka kwenye matope. Nilipomgeuza midomo yake ilikuwa ya bluu, na ngozi ya katikati ya mbavu inaingia ndani na kutoka. Alikuwa anajaribu kukohoa kwa siri. Alikuwa amefumba kinywa.

"Kohoa," nikamwambia.

Akatikisa kichwa. Macho yake yalikwenda nyuma yangu, na nikajua anamwangalia nani. Kanisa letu lilikuwa mtaroni, limechuchumaa kwenye mistari, kama Jumapili.

"Tuombe, Mama Peace," mwanamke mmoja akasema. "Aliyemponya mara ya kwanza bado iko."

Hapo ndipo nilipopasuka. Sikupiga kelele, maana tungeuawa. Nilisema kwa sauti ya chini, lakini kila mtu alisikia.

"Hajaponywa. Hajawahi. Mimi nilikunja karatasi ya daktari na nikasema uongo mbele yenu, na nyinyi mkauhesabu. Huyu mtoto ana mapafu mabovu, na kila mwezi tumemfanya ayafiche ili sisi tufurahi. Jumapili nilikuja kuwaambia nikaogopa. Sasa nawaambia. Na mtu akimwambia anyamaze, nitamng'ata."

Nyuso zilikuwa zimepigwa na butwaa, midomo wazi, kama watu walioamshwa kwa maji. Adhel, kule mwisho wa mtaro, alificha uso kwenye magoti ya mama yake.

Nilimlaza Peace mapajani, kichwa chini, nikampiga mgongo. Pa, pa, pa. Mara ya kwanza alibana. Mara ya pili alibana. Nikamwinamia sikioni nikamwambia shetani hana habari na kikohozi, na kama anayo basi aniingie mimi. Akakohoa. Yakatoka mengi, kwenye matope, kwenye kanga yangu. Akavuta hewa kwa mlio wa mlango mbovu, akavuta tena.

Pasta Conrad alitambaa hadi tulipokuwa. Nilikuwa tayari kwa vita. Lakini alimtazama mtoto, akatazama yale yaliyotoka.

"Mimi ndio nilikuwa naanza kuhesabu," akasema. "Moja. Ni mimi nasema moja."

Aligeuka akanipa mgongo wake, tukampandisha Peace juu yake, tukamfunga na kanga ya Teresina kama mtoto mchanga. Mtu yule mnene akatembea hivyo kwa saa mbili, akihema, na kila alipochoka alisimama na sisi sote tukasimama. Hakuna aliyemharakisha mwingine. Milio ilikuwa bado inasikika, na watu thelathini walikwenda kwa mwendo wa mtoto mmoja.

Langoni mwa kambi palikuwa na msongamano wa maelfu. Muuguzi mmoja, mwanamke wa Kenya kwa lafudhi yake, alikuwa anapita kwenye foleni na daftari, anawatoa pembeni wagonjwa na majeruhi. Alisimama mbele yetu. Pasta alikuwa amemshusha Peace, na sasa mtoto alikuwa amesimama kwa miguu yake, ameshika sketi yangu, akihema. Yule muuguzi alichuchumaa wawe sawa.

"Na wewe, mrembo, una shida gani?"

Peace alinigeukia. Aliutazama mdomo wangu, akasubiri, aone leo nataka aseme nini.

Nimepigwa na maisha, mimi. Nimezika, nimefilisika, nimekimbia risasi. Lakini sijawahi kupigwa kama macho yale yalivyonipiga, kwa sababu hayakuwa na lawama. Yalikuwa yanauliza tu, kwa heshima, ukweli wa siku ile ni upi.

Nilikuwa na jibu tayari. Nilikuwa nalo na makovu yake na vijia vyake vya hewa, kama Lagu alivyonieleza. Nikaufumba mdomo wangu, nikageuza uso, nikatazama waya wa uzio na watu waliokuwa wanapitisha mabegi juu yake. Yule muuguzi alikuwa na kazi nyingi, lakini Mungu ambariki, alingoja.

"Siwezi kupumua," nikamsikia Peace akisema. Akakohoa, hakuziba kinywa. "Tangu zamani siwezi."

Muuguzi akaandika.